Mlango wa nyuma: barua kwa mwanangu

Mama,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika, na picha zote mbili nimezifungua. Sisi huku Chumbageni hatujambo. Goti la mama yako bado linasumbua asubuhi, ila juzi alitembea mwenyewe hadi soko la Mgandini akarudi na samaki.

Swali lako lilikuwa fupi: "Baba, nichukue Subaru au ile Toyota ya milango miwili? Wewe ulishawahi kuwa na gari la spoti, niambie ukweli." Nimekaa nalo siku nne. Kila nikitaka kujibu, najikuta nimerudi kwenye jambo ambalo sijawahi kukusimulia, ingawa nusu yake umeisikia maisha yako yote. Unalijua neno langu: gari ni mlango wa nyuma. Kaka yako alipotaka kununua pikapu nilimwambia. Mjomba wako nilimwambia mbele ya wageni. Mmelizoea kama mlivyozoea kikohozi changu, wala hakuna aliyewahi kuniuliza nilikolitoa.

Nianze na magari yenyewe, usije ukadhani nakwepa. Hiyo Subaru, Impreza WRX STI ya 2010, naielewa kwa nini imekushika. Milango minne ya abiria na mlango wa buti, turbo inayoisukumia injini hewa, nguvu za farasi 308 kutoka kwenye injini ya cc 1994, na magurudumu yote manne yanavuta. Hiyo Toyota 86 ina farasi 200, haina turbo, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, lakini ni nyepesi kuliko mwenzake kwa kilo 200 na zaidi, na gari jepesi lina utamu ambao hausomeki kwenye karatasi. Nembo isikuchanganye. Injini ya hiyo Toyota ni kazi ya Subaru, imelala vile vile, pistoni zinarushiana ngumi kushoto na kulia, na gari lenyewe limeundwa katika kiwanda cha Subaru huko Gunma, Japani. Kwa hiyo unaniuliza kuhusu ndugu wawili, mmoja amebeba familia mgongoni na mwingine hana mzigo.

Fundi wangu wa Mikanjuni nimemwonyesha picha. Kwa Subaru amesema jambo moja mara tatu: mkanda wa taimingi. Unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika barabarani valvu zinagongana na pistoni, injini kwisha. Ile 86 inatumia cheni, hapo umepumua. Na turbo haitaki uvivu wa oili. Mtu aliyekuwa nayo kabla yako kama alikuwa kijana wa kukimbizana usiku, kompyuta ya injini inaweza kuwa imeshachezewa, nawe utalipia starehe zake. Omba karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoeleza hali ya gari, isome mwenyewe, omba na picha za chini ya gari. Na kumbuka gari likishazeeka kuna kodi ya uchakavu juu ya ushuru na VAT. Hayo ya hesabu unayaweza kuliko mimi.

Sasa nije kwangu.

Ile Celica nyekundu, Toyota yangu ya spoti ya milango miwili, unaijua kwa picha moja tu, ile iliyoko kwenye albamu, wewe umekaa juu ya boneti na gauni la njano. Niliinunua mwaka 1996 kwa mtaalamu wa mradi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Nilikuwa karani bandarini, mshahara wangu haukuwa wa gari lile, na nilikopa kwa watu wanne. Kwa nini Celica? Kwa sababu ya Safari Rally. Kati ya mwaka 1990 na 1995 Celica ilishinda mashindano yale kule Kenya mara tano katika sita. Nilikuwa nasikiliza madereva wake kwenye redio, Waldegård, Sainz, Kankkunen, Duncan, Fujimoto, majina nayakariri mpaka leo kama majina ya ndugu. Nikajiambia: gari lililoshinda matope ya Kenya litashindwaje na ya Muheza?

Kumbe zile za mashindano zilikuwa na turbo na zinavuta kwa magurudumu manne. Yangu ilivuta kwa mawili ya mbele. Sura moja, jina moja, na mimi nilinunua jina. Hilo lilinichukua mwaka mzima na nusu kulielewa, na nimelielewa siku moja, kwenye njia ya mlimani kati ya Amani, kwa bibi yako, na Kisiwani.

Ilikuwa Ramadhani ya mwisho wa Januari 1998, mvua zile za El Niño hazijataka kukatika. Mwezi ulikuwa unatarajiwa kuandama usiku ule au kesho yake, na mimi nilitaka bibi yako aje kula Idd mjini. Wewe ulikuwa na miaka mitatu na kitu, ulibaki na mama yako. Nilipanda Amani asubuhi, njia ngumu lakini inapitika. Nikamkuta bibi ameshajiandaa, na dada yake mkubwa naye anataka kuja.

Hapo ndipo lilipoanza. Milango miwili. Unamjua bibi yako, wewe uliyebeba jina lake: hakuwa mtu wa kukaa mbele dada yake akakaa nyuma. Nilimsihi kwa sababu ya nyonga yake. Alikataa. Ikabidi nilaze kiti cha mbele, naye ainame, aingize kichwa, kisha mguu mmoja, kisha asimame hivyo nusu ndani nusu nje akihema, mkono wake umeshika mkanda. Kile kiti cha nyuma kilikuwa chini kama mbuzi ya nazi. Alipojivuta kuingia, upindo wa kanga ulinasa kwenye reli ya chuma ya kiti, ukachanika shibiri nzima. Ilikuwa mpya. Doti ile nilimnunulia mwenyewe Ngamiani kwa ajili ya Idd. Aliukusanya ule upindo uliochanika, akaukunja ndani ya mkono wake ili nisiuone. Niliuona.

Tukiteremka, mahali fulani kabla ya Kisiwani, gari likaanza kuteleza. Polepole. Nakanyaga breki, linateleza, naachia, linateleza. Likakaa ubavu kwenye mtaro, upande wa bondeni, tumbo limekaa kwenye tope. Hatukuumia. Lakini sikia, mama: ili bibi yako atoke, ilibidi kwanza dada yake atoke, na dada yake alikuwa mtu mzima wa miaka sabini na kitu, mlango wake umeinuka juu kama mfuniko wa sanduku. Nilihangaika na yule mzee kwa dakika ambazo sijui idadi yake. Muda wote huo mama yangu mzazi amekaa nyuma, gizani, kwenye gari lililolalia bonde, na hana mlango. Hakupiga kelele. Alikuwa anasoma tu, kwa sauti ya chini.

Likaja lori la majani ya chai. Dereva na utingo wake walifanya kazi ambayo ilikuwa yangu. Walivunja kiti cha mbele ili kumtoa, utingo akambeba mgongoni mpaka kwenye lori, akamkalisha mbele na dada yake. Jua lilikuwa limeshazama. Yule kijana akatoa chungwa mfukoni, akalimenya kwa meno, akampa bibi yako nusu afuturu. Kisha wakafunga kamba ya mkonge kwenye Celica, wakaitoa mtaroni.

Nimemfuata mama yangu nyuma ya lori la chai mpaka Muheza, gari langu tupu, bampa imefungwa kwa kamba. Mama, nimefanya makosa mengine makubwa kuliko hilo na nimeyasahau. Hilo sijalisahau.

Tulipofika nyumbani alikunywa uji, akaniita. Akasema: "Gari lako zuri, mwanangu. Ila halina mlango wangu." Hakuwa na hasira. Aliporudi Amani alipanda basi.

Miezi michache baadaye nikauza, nikanunua Corolla ya stesheni wagoni, ile nyeupe uliyojifunzia kuendesha kule Raskazone. Milango minne na buti. Bibi yako aliipanda. Mwaka 2001 akafariki, Mungu amrehemu. Baada ya arobaini nilikaa nikahesabu ni mara ngapi aliipanda. Mara sita.

Na hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu miaka yote. Gari huuzwa kwa ajili ya safari sita? Nasema ndiyo, ningeuza hata kwa moja. Halafu namkumbuka mama yako.

Hili nalo hulijui. Jioni moja ya mwaka 1997, tunatoka msibani Korogwe, wewe umelala Tanga kwa shangazi yako. Tumeshapita Muheza, jua linaingia, mkonge umepangwa mistari huku na huku mpaka upeo wa macho. Zile taa za Celica zilikuwa zimefichwa ndani ya boneti. Nikabonyeza, zikafumbua kama macho ya mtu aliyeamka. Mama yako akacheka. Hajawahi kucheka vile tena, na mimi nimemchekesha mara nyingi. Gia ya tatu, mshale unapanda, kioo kimeshushwa, ushungi wake unapepea. Nikapunguza mwendo kwa heshima yake. Mama yako, huyu huyu anayekwambia punguza ukifika sitini, akasema, "Ongeza."

Nilipoiuza hakusema neno. Lakini alikwenda kuiaga barabarani, akaweka kiganja kwenye boneti.

Kwa hiyo nikikwambia gari ni mlango wa nyuma, naamini hivyo kwa moyo wote, na najua pia kuna jioni moja ambayo Corolla isingeweza kunipa. Uniambie wewe, uliyesoma, mtu anazipima vipi hizo mbili.

Utasema Subaru inazo zote, mlango na mbio. Ndiyo, ndiyo maana watu wanaipenda. Mwaka ule ule wa 1997, mimi naosha Celica yangu kila Ijumaa, Safari ilichukuliwa na Impreza, McRae yuko usukanini. Lakini nami nilishaponzwa na mashindano ya watu wengine. Hiyo STI si gari refu kwenda juu. Chukua futi upime, kutoka chini tofauti yake na 86 haizidi sana vidole viwili. Kwenye utelezi itakushika vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuendesha, hilo sibishi. Tumbo likishakaa kwenye tope, magurudumu manne yatazunguka bure kama mawili. Na hizo farasi 308 utazitumia wapi? Kutoka Chalinze mpaka Segera vijiji vimefuatana, hamsini, hamsini, na trafiki na tochi yake chini ya mwembe. Ile 86 nyepesi ungeifurahia hata kwa mwendo ambao hauvunji sheria. Ichukue kona za Mombo kwenda Lushoto asubuhi na mapema, kabla ya mabasi, barabara inapanda na maporomoko ya Soni yanasikika. Hapo farasi 200 zinatosha na kubaki.

Unaona, nimeshaanza kukutetea upande ambao sikukusudia.

Hukuniuliza nani atapanda. Mimi ndiye ninayeuliza, na sina hakika kama nina haki. Una miaka thelathini na moja, fedha ni zako, unaishi peke yako huko Mbezi na unaipenda hali hiyo. Kwa nini nikujazie gari watu ambao hawapo? Bibi yako alikuwepo, na Amani ilikuwepo, na ile barabara. Wewe njia yako ni lami mpaka mlangoni kwetu. Viti vya nyuma vya 86 ni vya mkoba na koti, na mkoba hauna nyonga.

Lakini nisikufiche. Ninapohesabu milango ya gari lako, najihesabu mimi, na nahesabu goti la mama yako. Siku utakayokuja kutuchukua twende hospitali ya Bombo au twende kwenye harusi, yeye hatakubali mimi nikae nyuma, na mimi sitakubali yeye ainame. Tutasimama hapo barabarani tukibishana mbele ya majirani, wewe umeshika kiti kilicholazwa. Hilo nimeliona wazi usiku wa juzi nikashindwa kulala. Huenda si sababu ya kutosha ya kukukatalia kitu unachokipenda. Yeye mwenyewe alisema "ongeza".

Kalamu inataka kuandika jina la gari moja. Nimeliandika mara mbili kwenye karatasi nyingine, na mara zote mbili nimelikata, kwa sababu nikiliandika utalinunua, nakujua, kisha litakuwa gari langu na wewe utakuwa dereva tu.

Nitumie karatasi za minada zikija, zote mbili, na picha za chini. Fundi yuko tayari kuzisoma na mimi.

Mama yako amesimama nyuma yangu sasa hivi na miwani yake. Ameishika simu, ameiangalia ile 86 nyekundu kwa muda mrefu, ameikuza picha kwa vidole. Anauliza kama taa zake zinafumbua. Nimemwambia hapana, hizi ziko wazi muda wote. Amesema nikuulize usiku zinamulika mbali kiasi gani.

Ni mimi baba yako,
Chumbageni, Tanga