Kampeni Fupi ya Crusader Kings III: Anza kwa Kupanga Mwisho

Ukianza Crusader Kings III, mchezo wa kompyuta wa kuongoza ukoo wa watawala wa zama za kati, mwaka 1066, unakwenda mpaka 1453. Hiyo ni miaka 387 ya ndoa, vita, mazishi na fitina za ndugu wa damu. Mgeni huingia bila mpango, akapigana huku na kule, ramani ikamjaa rangi yake kidogo. Kisha mtawala wake anafariki, ardhi inagawanywa, makabaila, yaani watawala wadogo walio chini yake, wanaasi, naye anazima kompyuta na harudi tena. Mchezo mzuri kama huu haustahili kuachwa namna hiyo.

Kwa hiyo namshauri kila anayeanza acheze kampeni fupi, tena aandike mwisho wake kwenye karatasi kabla hajachagua mtawala. Mwisho huo usiwe taji. Uwe ni mrithi wako kuketi kwenye kiti miaka mitano bila ufalme kumeguka. Anayepanga kufika kwenye taji tu hujifunza vita peke yake, na vita ndiyo sehemu rahisi.

Nitatumia mfano wa Ireland mwaka 1066, kwa sababu ndiko mchezo wenyewe unakomfundishia mgeni, na ndiko makosa yanakovumilika. Unampata Murchad, mfalme mdogo wa Munster kusini mwa kisiwa, mjukuu wa Brian Boru, mfalme mkuu wa Ireland aliyeuawa kwenye mapigano ya Clontarf mwaka 1014. Kisiwa kimejaa wafalme wadogo wanaokaribiana kwa nguvu. Jirani mkubwa, Uingereza, ana shughuli zake: mchezo unafunguka katikati ya Septemba 1066, Harald Hardrada akishuka kutoka Norway na William akijiandaa kuvuka kutoka Normandy, wote wakitaka kiti cha Harold Godwinson. Miaka ile ya mwanzo hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuhangaika na Munster. Hilo ndilo dirisha lako, na mpango wako wote uutegemeze hapo. Katika historia halisi Ireland haikuwa imeungana kwa uthabiti Wanormani walipotua mwaka 1169, na miaka miwili baadaye Henry II akaja mwenyewe na jeshi. Murchad wa kweli aliuawa mwaka 1068. Kwa hiyo unacheza jambo ambalo lingeweza kutokea ila halikutokea, na kwangu huo ndio utamu wake.

Mchezo ukifunguka, saa imesimama. Usiiruhusu iende. Dakika ishirini za mwanzo kabla siku moja haijapita ndizo zenye thamani kuliko zote. Kwanza tazama nani hana mke na nani hana mume. Usiozeshe watoto kwa sura wala kwa jina kubwa la mbali. Fungua ukurasa wa baba wa bibi harusi, uangalie ana askari wangapi na kama yuko karibu kiasi cha kufika vitani kabla hujashindwa. Mkwe mwenye askari mia nane upande wa pili wa ghuba ni bora kuliko mkwe mwenye elfu tano huko Byzantium.

Kisha baraza. Una watu watano: mjumbe mkuu, mweka hazina, jemadari, mkuu wa majasusi na askofu. Kwa kampeni fupi mtu muhimu ni askofu, maana ndiye anayekutafutia madai. Vita vinahitaji sababu inayokubalika, na dai juu ya kaunti ya jirani ndiyo sababu ya kawaida kabisa. Unamtuma kwenye kaunti unayoitaka, anachukua muda kuchimbua nyaraka, anarudi, nawe unalipia dai hilo kwa dhahabu. Mtume siku ya kwanza. Kila mwezi anaokaa bure ni mwezi uliokatwa kwenye maisha ya mtawala wako. Mweka hazina akusanye kodi. Mambo ya kuendeleza ardhi polepole ni ya kampeni ndefu.

Mtindo wa maisha wa mtawala, yaani fani anayojiendeleza nayo, uchague kwa kuangalia mwisho uliouandika. Wageni wengi hukimbilia upande wa vita. Mimi kwa kampeni ya namna hii nachagua diplomasia au uendeshaji wa mali, kwa sababu utahitaji kupendwa na makabaila na utahitaji hazina. Ila uzee ukibisha hodi, hamia elimu ukachukue zile faida za afya. Mfalme anayeishi miaka mingine sita anaweza kukuokolea vita viwili.

Sasa vita vyenyewe. Kabla ya kutangaza, bonyeza picha ya adui na usome washirika wake mmoja mmoja. Idadi ya askari inayoonekana kando ya jina lake haikuambii mkwe wake ataleta wangapi. Na kuna jambo wageni huchelewa kuliona: ushirika hufungwa kati ya mtu na mtu. Mzee akifa, ushirika aliokuwa nao kwa ndoa unaweza kukatika siku hiyo hiyo, na mwanawe akabaki peke yake, mgeni kwenye kiti, makabaila wake wakinung'unika. Hapo ndipo pa kutangaza vita. Ukisikia mfalme mdogo wa jirani anaumwa, subiri. Kumbuka pia kwamba sheria hiyo hiyo inakuhusu wewe.

Askari wa kuitwa kutoka vijijini wanakula dhahabu kila mwezi wanapokuwa uwanjani. Usiwaite mapema, na amani ikisainiwa waruhusu warudi siku hiyo hiyo. Kinachoshindisha vita ni vikosi vya kudumu, na hivyo vina mpangilio wa kushindana ambao inafaa uujue kwa kichwa. Mikuki huwamaliza wapanda farasi. Askari wazito wa miguu huwamaliza wenye mikuki. Askari wepesi huwasumbua wale wazito, wapiga upinde huwasumbua wale wepesi, na wapanda farasi wepesi huwafuata wapiga upinde. Angalia jirani ana nini zaidi, kisha unda kikosi kimoja cha kumjibu. Kimoja kilichojazwa vizuri ni bora kuliko vitatu nusu nusu.

Mahali pa kupigania usipachukulie juu juu. Acha adui avuke mto kukufuata, wewe ukiwa umetulia kwenye vilima ng'ambo ya pili. Ukifungua dirisha la mapigano utaona faida hizo zimeandikwa kwa namba upande wa kila jemadari, na mara nyingi ndizo zinazogeuza pambano ambalo kwa hesabu ya vichwa ungelipoteza. Kinyume chake, askari walioshuka tu kutoka majini hupigana vibaya kwa muda, na kupanda kwenye vyombo kunagharimu dhahabu. Ndiyo maana sipendi mgeni wa Ireland aanze kwa kutamani Wales au visiwa vya Scotland. Maliza nchi kavu.

Adui akishapigwa uwanjani, nenda moja kwa moja kwenye makao yake makuu. Wageni huzunguka kuteka ngome ndogo ndogo, ilhali familia yake iko pale kwenye ngome kuu. Ikianguka, unaweza kumkamata yeye mwenyewe, na mtawala akiwa mikononi mwako vita vimekwisha.

Ukisaini amani, kuna miaka mitano ya kusitisha vita na mtu yule. Wageni huiona kama adhabu, kumbe ndiyo ratiba yako. Jirani huyu umefungiwa, basi askofu yuko tayari kwa jirani yule. Ukipanga majirani watatu kwa zamu, hutakosa kazi wala hutavunja neno, na hazina itapata nafasi ya kupumua kati ya vita na vita. Adui wa Leinster muache baadaye. Diarmait mac Máel na mBó ndiye aliyekuwa na nguvu nyingi upande wa mashariki, Dublin ikiwa chini ya ukoo wake, na alifariki mwaka 1072 katika historia. Kwenye mchezo anaweza kuishi zaidi au pungufu, lakini ni mzee, na uzee wake unakufanyia kazi bila malipo.

Wengi hudhani lazima wateke kisiwa kizima. Si lazima. Taji la Ireland linahitaji zaidi ya nusu ya kaunti ambazo mchezo unazihesabu kisheria kuwa za ufalme huo, pamoja na dhahabu ya kutosha. Kaunti za makabaila walio chini yako nazo zinahesabiwa. Hivyo toka mapema anza kuweka akiba kwa ajili ya siku hiyo, usijenge jengo hili na lile kwa sababu tu kitufe kimewaka. Ukishakuwa mfalme kamili, cheo chako kimewapita wale waliobaki, na hapo unaweza kuwatumia ujumbe wa kuwaalika wawe chini yako kwa hiari. Wana utamaduni mmoja na wewe, imani moja, na ardhi yao kisheria ni ya ufalme wako. Wengine watakubali bila upanga kuchomolewa. Wasipokubali leo, tuma zawadi, mwongeze undugu wa ndoa, uulize tena mwaka ujao.

Sasa tufike kwenye urithi, ambako kampeni nyingi hufia. Sheria ya kawaida kwa watawala wengi wa 1066 ni mgawanyo kati ya watoto, na ina ukali ambao hauonekani mpaka siku ya msiba. Ukifa ukiwa bado mfalme mdogo wa Munster huku umeshateka sehemu kubwa ya Leinster, mchezo utaunda cheo cha pili na kumpa mwanao wa pili, hata kama wewe hukuwahi kukiunda. Mwana huyo atakuwa huru kabisa, sawa na kaka yake. Yote uliyoyapigania yamekuwa mataifa mawili asubuhi moja. Lakini ukifa ukiwa mfalme wa Ireland nzima mwenye taji moja tu, wadogo watapata ardhi na vyeo, ila wote watabaki chini ya kaka yao. Tofauti ya hali hizo mbili inaweza kuwa mwaka mmoja. Ndiyo maana nasema usianze vita vya tatu na mtawala wa miaka hamsini na tano kama dhahabu iliyopo inatosha kuunda taji sasa hivi.

Fungua ukurasa wa urithi kila baada ya vita. Unaonyesha nani atapata nini ukifa leo. Makao makuu humwangukia mrithi mkuu, kwa hiyo kama utajenga, jenga hapo. Vikosi vya kudumu navyo vinamfuata yeye. Mwana wa tatu anaweza kuombwa aingie utawa. Kumnyima mtoto urithi kunawezekana ukiwa mkuu wa ukoo, ila kunakula sifa ya ukoo mzima, na kwa kampeni fupi sioni kama inalipa. Sheria ya mkubwa kuchukua vyote usiisubiri. Huja zaidi ya karne moja baadaye.

Jambo jingine, mlee mrithi wako. Mpe mlezi mwenye tabia unazozitaka, maana mtoto huokota tabia za anayemlea. Mwozeshe wakati baba yake bado ana jina, na umwozeshe mahali ambapo ushirika utabaki naye baada ya baba kuondoka. Hapa ndipo ile kanuni ya ushirika wa mtu na mtu inapokuuma usipojiandaa. Ushirika wa mfalme mzee unazikwa pamoja naye. Wa kijana kwa mkewe mwenyewe unabaki.

Siku mtawala anapofariki, simamisha saa. Sasa wewe ni mwanawe, na kila kabaila anakuona mpya. Pitia mmoja mmoja. Yule mwenye nguvu anayetaka kiti kwenye baraza, mpe, hata kama uwezo wake ni wa wastani. Angalia ukurasa wa makundi ya uasi uone nani kajiunga na nani, na nguvu yao ni asilimia ngapi ya yako. Mara nyingi kumtoa mtu mmoja tu kwa zawadi ya dhahabu kunalivunja kundi zima. Kwa hiyo mzee asife na hazina tupu; dhahabu ya mwaka wa kwanza wa mrithi ni muhimu kuliko ya vita vyovyote vilivyotangulia. Usitangaze vita vipya. Peleka mjumbe mkuu akashughulikie mambo ya ndani, acha saa iende kwa mwendo wa pili au wa tatu, na usome kila ujumbe unaotokea.

Ile hali ya kudharauliwa kwa ugeni hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Ikitimia mitano na ramani bado ina rangi moja, kampeni yako imekamilika. Hifadhi, funga.

Ukitaka nyingine ya urefu huo huo, usirudi Ireland. Ramani upande wetu inaishia Pembe ya Afrika, Kilwa na Mombasa hazimo, lakini Ethiopia imo. Chagua 867 na Semien, utawala mdogo wa milimani wa Wayahudi wa Ethiopia uliobanwa na majirani Wakristo. Milima itakulinda kuliko mito ya Munster ilivyokulinda, ila majirani wa imani yako ni wachache, na suala la nani amwoze nani litakuwa gumu zaidi. Kabla ya kuachia saa, andika kwanza mwisho wake.