Dada wa mapazia, usikubali wakufungulie kila kitu

Dada nimesoma swali lako mara mbili na mara ya pili nilikuwa nimeshasimama. Unasema una duka la mapazia Sinza, unatafuta mtu wa masoko, kuna binti wa pati taimu yuko tayari kuja siku 3 kwa wiki kwa 250,000 kwa mwezi, na kuna kampuni inataka 700,000, nao wamekuahidi "watafungua kila kitu wenyewe, wewe usijisumbue". Umeuliza na mambo ya TikTok na mkataba uwe wa miezi mingapi, hayo tuyaache kwanza, ila hilo la kukufungulia kila kitu ndilo lililonifanya niache chai inapoa. USIKUBALI.

Mimi nauza fenicha Keko, makochi, vitanda, makabati. Mpaka 2021 nilikuwa nategemea anayepita barabarani na wateja wanaoletana. Nikaenda semina moja ya wajasiriamali, kiingilio elfu 50, mtoa mada akatuambia fundi anayeshika randa na simu kwa wakati mmoja hafiki popote, mwachie mtaalamu, wewe chonga. Ikaniingia kabisa. Na ni yeye huyo huyo aliyenipa namba ya kampuni, nikaja kujua baadaye kwamba kila mteja anayewapelekea anakatiwa chake. Bado anafundisha mpaka leo na hilo linaniuma kuliko hela, maana pale ukumbini tulikuwa watu wazima tumefunga biashara zetu siku nzima, kuna mama alikuja na mtoto mgongoni, wote tunaandika kwenye daftari anachosema tukiamini anatusaidia.

Hiyo kampuni walianza vizuri, sitasema uongo. Picha safi, simu zikaanza kuingia kutoka mikoani. Walikuwa wanachukua 800,000 yao kila mwezi na 400,000 ya matangazo. Wakafungua peji ya Facebook, Instagram, wakaniweka kwenye ramani ya Google, wakasajili tovuti ya .co.tz, halafu wakasema biashara iwe na laini yake ya WhatsApp isichanganyike na ya nyumbani. Wazo zuri tu. Siku hiyo mimi nilikuwa Mafinga nafuata mbao, wakanipigia kwamba binti wao mmoja wa ofisini yuko kwenye kibanda cha wakala, aisajili laini kwa kitambulisho chake cha NIDA ili kazi isisimame? Nikajibu sajilini. Basi. Nilikuwa naangalia mbao zinapakiwa, nikakata simu.

Hiyo namba niliipaka kwenye kibao, kwenye kirikuu pande zote mbili, kwenye risiti, kwenye tisheti za vijana. Karibu miaka 2 kila aliyenunua kwangu ameihifadhi hiyo.

Mwanzoni mwa 2023 oda zikapungua, nikaomba wapunguze wachukue 500,000, wakakataa, nikasema basi mwisho wa Machi tuachane kwa amani. Tarehe 1 Aprili asubuhi nafungua peji, nimetolewa. Kumbe siku zote nilikuwa na ruhusa ya kujibu koment tu, nikadhani ndiyo umiliki. Peji iko ndani ya akaunti yao ya biashara ya Meta, hao wenye Facebook na Instagram, na ikishakuwa humo huwezi kuitoa wewe, mpaka wao waiachie. Akaunti ya matangazo ndiyo kabisa, ikishafunguliwa ndani ya biashara ya mtu haihamishiki, kwa hiyo kumbukumbu zote za nani alibonyeza na nani aliuliza bei, zaidi ya miezi 20 ya hela yangu, zimebaki kwao. Nikaenda duka la mtandao wa simu kurudisha laini, dada wa kaunta akaniambia baba, hii laini siyo yako, aje mwenye kidole. Nikamwonyesha risiti, nikamwonyesha picha ya kibao. Alinihurumia, niliona, lakini alikuwa anafuata sheria na sheria ni sahihi, mwenye kosa mimi niliyesema sajilini.

Mkataba nao nikampelekea wakili. Ukurasa wa 4, Kiingereza, akaunti zote zitakazofunguliwa na kampuni ni mali ya kampuni. Sahihi yangu ipo.

Sasa sikiliza kilichonimaliza. Mwezi wa 8 akaja mama mmoja kutoka Dodoma, nilimtengenezea kitanda cha mninga 6 kwa 6 mwaka 2022, tukaheshimiana sana. Kafika amenuna, ameshika mfuko, ndani ya mfuko kuna mto wa kochi. Ananiambia fundi makochi uliyonitumia yamebonyea hata miezi 2 haijaisha, hivi ndivyo tulivyokubaliana? Mimi sijamtumia makochi. Akatoa simu. Ni mazungumzo yale yale, juu kabisa kuna kitanda changu na shukrani zake, ukishuka chini kuna makochi, namba ile ile, picha ile ile ya karakana yangu, na 1,400,000 imeenda kwa jina nisilolijua. Ile kampuni walikuwa wamempa namba muuza fenicha mwingine, na wateja wangu wote ndani yake. Nikaupasua ule mto mbele yake, ndani vipande vya sponji vimeshindiliwa kama takataka. Nikamshonea mito yote upya kwa sponji nzito bila kumchaji, kwa sababu yeye alinunua kwa imani ya jina langu. Lakini huyu alipanda basi akaja. Wangapi hawakuja, wamekaa Mbeya au Tanga huko wananiita tapeli na mimi hata sijui niwaombe radhi wapi?

Kwa hiyo dada, kabla hujachagua binti wala kampuni, kila kitu kiwe kwa jina lako. Laini isajiliwe kwa NIDA yako na kidole chako, na simu yenye hiyo laini ilale kwako. Binti atajibuje wateja sasa? WhatsApp inaruhusu kuunganisha vifaa 4 vingine, anajibu kwenye kompyuta au simu yake, siku mkiachana unamtoa hapo hapo, na uweke ile pini ya tarakimu 6 usimpe mtu. Fungua akaunti ya biashara ya Meta wewe mwenyewe, peji na akaunti ya matangazo vikae humo, kampuni ikija unaipa ruhusa kama mshirika, wanakupa namba yao ya utambulisho unawaingiza, wakimaliza unawatoa. Tangazo lilipiwe kwa kadi yako ili uone kilichotumika ni kiasi gani. Kwenye ramani ya Google wewe uwe mmiliki mkuu, wao wasimamizi. Tovuti isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, siyo ya kwao. Ukiwa na mtoto wa jirani anayejua simu ni kazi ya siku moja. Kampuni ikikataa kufanya kazi hivyo, wape soda waende.

Na usidhani binti ni salama kwa sababu ni mmoja. 2024 nilichukua kijana wa pati taimu, mtoto mwenye adabu, wiki ya kwanza nikakuta amefungua TikTok ya duka kwa namba yake. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo wanavyozoea. Tukaifuta tukaanza upya siku hiyo hiyo.

Ukinilazimisha kuchagua, chukua binti. Pazia linataka mtu awepo mzigo ukifunguliwa, alining'inize dirishani apige picha na mwanga wa mchana, ajue ile ya maruni imeisha, mteja akiuliza bei ajibiwe dakika hiyo. Ile kampuni yangu ilikuwa Mikocheni, kila mteja akiuliza kochi wananipigia kwanza niseme bei, mpaka tumalizane mteja ameshanunua kwingine. Kampuni iite kwa kazi moja tu, labda matangazo ya kuelekea Idi na Krismasi watu wanapobadilisha mapazia, mlipane muachane.

Ila kwanza, hiyo namba iliyoko kwenye kibao chako sasa hivi ilisajiliwa na nani? Piga *106# uangalie kama iko kwenye kitambulisho chako, halafu rudi hapa uniambie.