"Mwamba ngoma" ni nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Katika methali "Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake", huyo mwamba ni jiwe, au ni shujaa kama vijana wanavyosema "yule ni mwamba"? Na fundi anapotia ngozi kwenye ngoma, tuseme anaifunika, anaishona au anaiwamba?

Jibu: Marahaba. Si jiwe wala si shujaa. Ni mtu anayewamba ngoma, na hapo swali lako la pili limekwisha kujijibu: ngoma huwambwa.

Neno limeundwa kwa m- ya mtu na kitenzi wamba. Jina la mtenda likifuatwa na kile anachokitenda, kitenzi hubaki na -a yake: mpiga zeze, mchonga vinyago, mfa maji, mwamba ngoma. Likisimama peke yake tunapata mpigaji, mchongaji, mwambaji. Ukitaka kuhakikisha, lipeleke kwenye wingi. Jiwe huwa miamba. Watu hawa ni wawamba ngoma. Na tahadhari ya tahajia: w ni ya mzizi. Wanaoandika "fundi aliamba ngoma" wameingia kwenye kitenzi kingine kabisa, amba, chenye maana ya kusema, kilichotuachia kwamba na ambia.

Kuwamba ni kutandaza kitu na kukivuta pande zote mpaka kikakamae juu ya uwazi. Kitanda cha kamba nacho huwambwa. Kufunika hakutoshi, maana sufuria hufunikwa na kifuniko hakivutwi. Kushona kunaweza kuwamo, pale ngozi inapofungwa kwa kamba au ukanda uliopitishwa kwenye matundu ya ukingoni, lakini hiyo ni njia ya kuishika ngozi tu. Kazi yenyewe ni kuwamba.

Tazama mikono ya fundi uone methali ilikotoka. Mzinga, yaani gogo lililochongwa na kutobolewa ndani, huwa tayari umekauka. Ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe hulowekwa mpaka ilainike, kwa sababu ngozi kavu haivutiki, na ukiilazimisha huchanika penye vigingi. Huilaza mdomoni mwa mzinga, akapigilia kigingi upande mmoja, kisha upande unaoukabili, akivuta kila mara kabla ya kupigilia. Hawezi kukaza kwa kusukuma. Kila anapokaza, ngozi huja kwake. Ndiyo sura iliyochukuliwa kumsema mtu avutaye maslahi upande wake. Utasikia pia "huivutia kwake". Zote mbili ni sahihi, ila hiyo -vutia isichukuliwe kuwa ya "kupendeza".

Lakini fundi akivuta upande mmoja tu, ngozi hukaa mshazari: huku imekaza, kule imelegea, na ngoma hutoa sauti mbili. Ndiyo maana huzunguka. Akimaliza huianika kivulini, ijikaze yenyewe polepole inavyokauka. Jua kali huikausha ukingoni mapema na kuipasua.

Kukaza, kama kazi ya peke yake, huja baadaye. Ngoma iliyokwisha kuwambwa ikilegea kwa unyevu, hupashwa moto kidogo ili ikaze. Haiwambwi upya.

Kwa kuwa umegusa vitenzi vya ngoma, naomba tuiache hii "kucheza ngoma" kwa maana ya kuipiga. Ngoma, gitaa na marimba hupigwa. Achezaye ngoma ni yule aliye uwanjani akitikisa mabega.

Kutoka mzizi huohuo tuna kiwambo, kitu kilichowambwa, na ndiyo sababu ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio huitwa kiwambo cha sikio. Kinyume chake ni wambua, kama funga na fungua. Ngozi ya ngoma ikipasuka, fundi huiwambua, akang'oa vigingi, akawamba nyingine juu ya mzinga uleule.