Kwa nini mto ufungwe kwa wote, wakati wanaovunja sheria ni wachache?

SWALI: Shikamoo Mzee. Navua samoni kwa fimbo huku Marekani. Leseni ninayo na sheria nazifuata. Msimu huu kipande cha mto kilicho chini ya kituo cha kuzalishia samaki kimefungwa ghafla. Tangazo linasema sababu ni watu wanaowanasa samaki ubavuni kwa makusudi, yaani wanavuta ndoana imchome samaki mwilini badala ya kungoja ang'ate. Watu hao ni wachache, na sisi tunaovua pale tunawajua. Kwa nini wasikamatwe wao, tukaachwa sisi tuvue? Na mimi nikimnasa samaki mgongoni bila kukusudia, nimevunja sheria?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umelipia leseni, umengoja msimu mwaka mzima, halafu unafika ukingoni unakuta kibao. Inauma, na una haki ya kuuliza. Hata hivyo mimi naunga mkono kufungwa kwa kipande hicho.

Mtazame samaki mwenyewe kwanza. Samoni wa Pasifiki akishaingia mtoni kutoka baharini huacha kula. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, anapanda mto, anataga, kisha anakufa. Chambo anaweza kukishambulia kwa hasira, lakini si kwa njaa, kwa hiyo mvuvi huhitaji subira. Anapofika kwenye kizuizi au mlango wa kituo, anasimama na wenzake wamebanana kwenye lindi moja, migongo ikionekana. Asiye na subira hufunga ndoana ya ncha tatu na chubwi zito, anatupa ng'ambo ya kundi, anaacha uzi uzame, kisha anavuta fimbo pembeni kwa nguvu. Akikosa, anavuta tena. Hahitaji samaki afungue mdomo.

Nimewaona samaki waliokoswakoswa hivyo. Chini ya pezi la mgongo kuna mchaniko mrefu, magamba yamebanduka, na juu yake ukungu mweupe kama pamba umeshaota. Samoni hana muda wa kupona, kwa sababu nguvu aliyobakiwa nayo ni ya kufika na kutaga tu. Jike mmoja wa chinook, aina kubwa ya samoni wa Pasifiki, hubeba mayai elfu kadhaa. Akifia lindini kabla ya kutaga, mayai yote hayo yamepotea, na hakuna faini itakayoyarudisha.

Kuhusu kuwakamata: ofisa wa uvuvi aliye ng'ambo ya mto anaona mtu ametupa na kuvuta. Nawe unatupa na kuvuta. Kuonyesha kwamba huyu alikusudia, itabidi amtazame kwa muda mrefu, na gari lake likionekana tu barabarani habari inapita ukingo mzima na ndoana zinabadilishwa. Tena maji yakipungua na samaki wakabanana, hata uzi wako wewe mwaminifu utawagusa miilini. Ukifika hapo, tatizo ni mahali penyewe. Kufunga si adhabu juu yako. Ni kumwondolea samaki ndoana zote katika siku ambazo hana pa kukimbilia.

Usidhani pia kwamba kunasa ubavuni kumekatazwa kila mahali. Missouri ina msimu halali wa kumnasa hivyo samaki aitwaye paddlefish, kwa sababu anakula viumbe vidogo mno kwa kuchuja maji, na chambo hakigusi. Alaska huruhusu katika maji mengi ya bahari na kukataza mtoni. Jimbo la New York liliruhusu kwa miaka mingi kwenye mito inayoingia Ziwa Ontario, ukiwemo Salmon River, kwa hoja kwamba samoni hang'ati. Katika miaka ya 1990 likapiga marufuku. Watu walidhani uvuvi umekwisha pale, lakini wavuvi wanajaa kingo hizo hadi leo, na samaki wanang'ata.

Ninachowadai wakubwa wa uvuvi ni kwamba kufunga kusiwe kazi yao yote. Mipaka iwekewe vibao vinavyosomeka, tarehe ya kufungua itajwe, na mto ukifunguliwa kuwe na kanuni za ukubwa wa ndoana, uzito wa chubwi na kutovua usiku. Hayo ukayaseme kwenye mikutano ya wazi wanapopokea maoni ya wavuvi. Malalamiko ya ukingoni hayaandikwi popote.

Swali lako la pili: kumgusa samaki mgongoni kwa bahati mbaya si sawa na kukusudia, lakini kwa kawaida sheria za mtoni humtaka samoni aliyenaswa nje ya mdomo arudishwe mara moja. Kumweka kapuni ndilo kosa, hata kama hukukusudia. Usimburute juu ya mawe. Mwache majini, toa ndoana kwa koleo, na ikiwa imezama sana kata uzi karibu nayo. Ukiona kila ukivuta unagusa miili, hama lindi hilo.

Na hao mnaowajua, usigombane nao ukingoni. Andika saa, mahali, walichokuwa wakifanya na namba ya gari, kisha piga simu ya kuripoti iliyo kwenye kitabu chako cha kanuni za uvuvi.