Madoa kwenye mawe ya Mwanza: ni kuvu, mwani au rangi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Mwanza. Jumamosi nilitoka na klabu ya mazingira, wanafunzi 18, tukazunguka mawe ya ufukweni. Mimea tuliitambua mingi, ila madoa ya kijivu na ya chungwa juu ya mawe yalitugombanisha. Mmoja alisema kuvu, mwingine mwani, wa tatu rangi iliyomwagika. Nilikwangua kwa kisu, ukatoka unga tu. Tutayatambuaje?

JIBU: Mwalimu, wa kuvu na wa mwani wote wamepata nusu. Hizo ni kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja. Kuvu hutoa makazi, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Huyo wa rangi mpe chupa ya maji anyunyizie doa la kijivu, kisha asubiri dakika moja au mbili. Mara nyingi litaingia ukijani, kwa kuwa ganda la juu likilowa hupitisha mwanga na mwani uliomo ndani huonekana. Rangi ya dukani haina mchezo huo.

Kisu kiacheni nyumbani. Kuvumwani za ganda zimegandamana na jiwe. Hata sisi tunaozichunguza huzichukua pamoja na kibanzi cha jiwe, kwa patasi. Tena nyingi hukua chini ya milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo doa la upana wa kiganja laweza kumzidi umri bibi yako. Pigeni picha kwa karibu, muweke sarafu pembeni kuonyesha ukubwa.

Kwa yale ya chungwa, tazama kwanza kama mnandi hutua hapo. Nyingi za rangi hiyo hustawi penye kinyesi cha ndege, kwa ajili ya nitrojeni. Mkiokota kibanzi kilichojibandua, kidondoshee hidroksidi ya potasiamu kwenye maabara (wewe, si wanafunzi, inaunguza): nyingi zitageuka zambarau papo hapo.

Jina kamili la aina msilitafute mawe yakiwa mbele yenu. Bila hadubini hata mimi huishia kuandika "ganda, kijivu, juu ya itale, juani". Hiyo inatosha.

Mkienda kisiwa cha Saanane msichukue chochote, ile ni hifadhi ya taifa. Na mkishuka kutazama mafunjo, msikanyage majini: kichocho hupenya ngozi, na kandambili hazizuii.