Mlangoni pa ukumbi wa chakula: kwa wadogo zangu mnaosubiri meli

Jumamosi iliyopita tulipanga meza barazani kwangu, Kisasa hapa Dodoma, tukafanya zoezi la usiku rasmi, yaani ile jioni ya meli ya watalii ambayo abiria huja mezani wamevaa nguo za heshima. Vijana watano wanaokwenda kuwa weita melini, wote wameshamaliza STCW, yale mafunzo ya usalama ya mabaharia, pale DMI, chuo cha bahari cha Dar es Salaam; wawili wana viza ya C1/D, ile ya Marekani ya mabaharia, mkononi na wanasubiri tarehe tu. Majirani ndio walikuwa abiria. Kijana mmoja nikamweka mlangoni. Akaja mzee wetu wa mtaani, mtu wa Kondoa, kanzu imenyooshwa pasi, koti jeusi juu yake, kofia ya viua kichwani. Kijana akanyoosha mkono: "Samahani sana babu, leo ni suti na tai." Mzee akajibu, "Haya, mwanangu," akageuka kurudi kwake.

Nilimkimbilia mwenyewe hadi getini. Vijana wengine walicheka, wakadhani ni sehemu ya igizo. Mimi chakula hakikupita siku ile, na ndiyo sababu naandika. Kosa lile nalijua kwa jina lake.

1. Karatasi ya ratiba ya siku isome yote, hadi mstari wa mwisho. Kila jioni ina vazi lake na limeandikwa humo. Safari ya siku saba kwenye kampuni nyingi ina usiku rasmi mara mbili, na mara nyingi huangukia siku ya kukaa baharini, pale abiria hawajachoshwa na matembezi ya bandarini. Lakini msichukue desturi ya meli moja mkaipeleka nyingine. Kampuni ya Norwegian hawamlazimishi mtu usiku rasmi kabisa. Carnival wanauita usiku wa umaridadi, na safari ya siku sita au zaidi huwa nao mara mbili. Cunard ndio wenye mila nzito: kuanzia saa kumi na mbili jioni sehemu kubwa ya meli inabadilika sura, na zile jioni zao kubwa wanaume huvaa suti nyeusi ya jioni na tai ya kipepeo, au suti ya rangi iliyokolea. Ukihama kampuni, anza kusoma upya. Nimewaambia hili mara ngapi?

2. Usiku wa kwanza msimguse mtu. Mabegi bado yanasambazwa kebini, na mengine hufika chakula kikiwa mezani. Abiria aliyevaa alichosafiria anaingia na anakaribishwa kwa uso mkunjufu.

3. Vazi rasmi la kwao mtu ni vazi rasmi. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Ilikuwa Mediterania, meli imetoka Barcelona, usiku wa pili, tuko baharini. Nilikuwa nimepandishwa kutoka weita msaidizi kuwa weita, wiki sita tu. Mwenzetu wa mlangoni aliugua, supavaiza akanipa nafasi yake kwa awamu ya pili ya chakula, ile ya saa mbili na robo. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipiga kiatu rangi mara mbili, na nilikuwa nimekariri: koti, tai, suruali ndefu, viatu vya kufunika. Kaptura hapana, fulana isiyo na mikono hapana, kandambili hapana, kofia ya michezo hapana.

Akaja Mskoti mmoja amevaa kile kisketi chao cha mraba-mraba, mkoba wa ngozi kiunoni, soksi hadi magotini. Nikainama. Nikamsifia. Mkewe akaniomba niwapige picha, nikawapiga mbili.

Hazikupita dakika kumi, akaja mzee mmoja na mkewe. Mama alikuwa na gauni la kitenge na kilemba. Mzee alivaa suti ya Kaunda, kijivu kilichokolea, mikono mifupi, mifuko minne, kalamu imechomekwa mfuko wa juu. Viatu vinang'aa kuliko vyangu. Nikamzuia. Nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya upole niliyofundishwa, kwamba usiku huu ni koti na tai, ila juu kwenye bufee atakula vizuri bila shida.

Hakujibu. Alisoma beji yangu kifuani. Mnajua beji za meli: jina, na chini yake nchi. Aliisoma nchi, kisha akasema kwa Kiswahili, "Kijana, kwenu wapi?"

Nikasema, "Dodoma, mzee." Hata shikamoo sikutoa.

Akanyoosha ukosi wake kwa vidole viwili. "Suti hii niliivaa siku namwozesha binti yangu." Akatulia kidogo. "Haya. Usigombane na kazi yako." Akamshika mkewe mkono, wakaelekea kwenye lifti. Mama aligeuka mara moja kunitazama.

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu. Niliendelea kutabasamu kwa sababu tabasamu ni sehemu ya sare. Tulipofunga, supavaiza aliweka ile karatasi mezani, kidole chake kwenye mstari wa mwisho: vazi la taifa linakubalika. Sikuwa nimefika huko. Lakini msiniondolee lawama kwa sababu ya karatasi, maana yule Mskoti nilimpitisha bila kuisoma. Kisketi chake nilikiheshimu kwa sababu nilikijua kwenye picha za watu wakubwa. Suti ya Kaunda nilikuwa nimeiona maisha yangu yote, na ndiyo niliyoikataa.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mpwapwa. Alikuwa na suti ya Kaunda moja, ya kahawia, inalala sandukuni na nafitalini. Aliivaa siku ya wazazi. Aliivaa kunisindikiza stendi nilipokwenda Dar kutafuta meli, na harufu ya ile nafitalini ilibaki kwenye shati langu mpaka Morogoro. Angekuwa yeye amesimama pale mlangoni, ningemzuia, tena kwa Kiingereza alichonifundisha yeye.

Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi alipokea wakuu wa dunia bila tai shingoni. Vazi lenyewe limebeba jina la rais wa kwanza wa Zambia. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya alipolipiga marufuku bungeni kwao, niliisoma habari ile nikalitafakari upya jambo langu. Na ninyi mmekulia mji wa Bunge; mnakumbuka Juni 2021 mbunge mwanamke alivyotolewa ukumbini hapa kwa sababu ya suruali yake, na jinsi tulivyobishana vibarazani. Mnajua mlango unavyoweza kumdhalilisha mtu mzima mbele za watu. Basi msiende nao huo mlango baharini. Hata Cunard, pamoja na mila zao zote, wameandika wazi kwamba vazi rasmi la taifa na sare ya kijeshi vinakubalika. Kanzu na koti, agbada ya Mnigeria, sari ya Mhindi, kimono: pitisha, vuta kiti.

Kesho yake niliomba ruhusa, nikabisha hodi kebini kwao na barua niliyoiandika kwa mkono. Mzee alifungua mwenyewe. Nikatoa shikamoo niliyoikosa. Aliisoma barua amesimama, akaikunja, akaitia kwenye ule mfuko wenye kalamu. "Yamekwisha, mwanangu." Nikaamini yamekwisha. Usiku rasmi wa pili niliandaa meza yao kwa mikono yangu, dirishani, leso nimezikunja upya mara tatu. Awamu ikaanza, supu ikatoka, nyama ikatoka. Viti viwili vilibaki vitupu. Walikula juu kwenye bufee hadi siku ya kushuka. Nilikusanya vile visu na uma safi, ambavyo hakuna aliyevigusa, nikavirudisha kwenye droo ya stesheni yangu.

4. Asiye na koti msimrudishe; muulizeni supavaiza kama yapo ya kuazima. Na kama hapana budi mtu asiingie, mchukue pembeni kwanza, mbali na foleni, ongea naye kwa sauti ambayo mkewe peke yake ndiye ataisikia.

5. Pasi. Abiria watawauliza kila siku kwa nini ya kwao ilichukuliwa getini. Ni moto: melini moto ni adui mkubwa kuliko mawimbi, na hilo mlilisomea. Waelekezeni dobi, au chumba cha kufulia kama meli inacho, na muwaambie wapeleke nguo asubuhi, si saa kumi na moja jioni ya usiku rasmi pale dobi inapofurika.

6. Akina mama waambieni wabebe mtandio. Kiyoyozi cha ukumbini ni kama upepo wetu wa Julai, na hao mabega wazi. Visigino vyembamba meli ikiyumba ni hatari. Mkiona mama anasitasita, mpeni mkono kabla hajaomba.

7. Sare zenu. Kola isafishwe kila usiku, kucha fupi, beji inyooke. Shati la akiba liwe tayari limenyooshwa, maana mvinyo mwekundu utakumwagikia, tena awamu ya kwanza, na ya pili inakuja. Kwenu wengine mliokulia karibu na mashamba ya zabibu Hombolo, doa lile mnalijua lilivyo king'ang'anizi.

Yule kijana wa mlangoni jana alikwenda mwenyewe kwa mzee wa Kondoa, sikumtuma. Aliondoka na kilo ya sukari, akarudi jioni na kikapu cha karanga alichopewa na bibi. Jumamosi hii tunarudia zoezi, saa kumi na mbili jioni, msichelewe. Mzee amekubali kuja, na amesema atavaa kanzu ileile. Mlangoni atasimama kijana yuleyule.