Mwinjilisti na Mkristo wa kiinjili si kitu kimoja

SWALI: Natafsiri habari za makanisa kwa ajili ya redio. Nimekutana na Wakristo wa Marekani wanaoishika Biblia kama walokole wetu, ila kwenye siasa wanapinga vita na kutetea maskini na wahamiaji. Nimewaita "wainjilisti wanamaendeleo", mhariri kakataa. Kosa liko wapi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Mhariri wako kapatia, japo angekupa na sababu. Wewe wa Arusha mwinjilisti unamjua: ndiye anayeongoza ibada mtaani wakati mchungaji yuko kwingine usharikani, na siku ya ubatizo humpisha mchungaji. Hiyo ni kazi. Sasa Ron Sider, mmoja wa watu unaowatafsiri, alikuwa profesa. Imani yake ndiyo ilikuwa ya kiinjili, na neno hilo liko kwenye kibao cha kanisa hapo jirani: Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Ila angalia, hilo la kibaoni lilitujia kwa Wajerumani, na kwao ni Uprotestanti kwa jumla. Wamarekani wamelibana: ni wanaosisitiza kuzaliwa mara ya pili na mamlaka ya Biblia. Kwa hiyo "wa Marekani" usiliache.

"Wanamaendeleo" ndilo baya zaidi. Maendeleo kwetu ni kisima, zahanati, barabara. Msikilizaji atadhani watu hawa wamekuja kuchimba visima. Wengine hukimbilia "Wakristo huria", kwa kuwa tuna soko huria na Chuo Kikuu Huria. Nalo silitaki, maana msikilizaji atadhani wameilegeza Biblia. Novemba 1973 Sider na wenzake, akiwemo Jim Wallis wa jarida lililokuja kuitwa Sojourners, walikutana Chicago wakatoa tamko. Walikiri kwamba hawakuwatetea maskini na wanaoonewa, na kwamba kanisa lilishiriki ubaguzi wa rangi. Lakini tamko lenyewe linaanza kwa kukiri mamlaka kamili ya Neno la Mungu. Uhuria uko wapi hapo?

Tunabaki na "mrengo wa kushoto", yaani upande wa siasa unaodai usawa na kutetea wanyonge. Wakenya wamelizoesha neno "mrengo" kwa muungano wowote wa vyama, hivyo usiache kuongeza "kisiasa". Na hicho "kushoto" asili yake ni namna wabunge wa Ufaransa walivyokaa mwaka 1789, ila mtu wa kanisani akilisikia anakumbuka mbuzi wa Mathayo 25 wanaowekwa mkono wa kushoto. Cha kuchekesha, sura hiyohiyo, yenye "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula", haiwatoki midomoni watu hawa.

Andika basi, mara ya kwanza: "Wakristo wa kiinjili wa Marekani walio mrengo wa kushoto kisiasa". Ni refu, najua, na mtangazaji wako atalalamikia pumzi. Ukishalitaja mara moja, "kundi hilo" linatosha.